Nyati Alirudi, Baba Hakurudi

Shida ilianza kwetu mwaka 1952, mie nikiwa na miaka tisa. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa kawaida wa Mbagala: tuna mihogo, tuna mikorosho, tuna baba mwenye kazi. Baada ya hapo tukawa watu wa kuhurumiwa, na mie tangu utoto sipendi kuhurumiwa.

Nisingeandika haya. Shule nilisoma miaka miwili tu, na kalamu mpaka leo naishika kama mwiko. Lakini mwezi uliopita wajukuu walinipeleka Mbezi Beach, kwenye hoteli, mmoja wao anavishwa pete. Nikapewa kiti kizuri, nikakikagua kwanza mshono wake maana ndiyo kazi iliyonilisha, halafu nikainua macho. Ukutani, juu ya meza wanapopokelea wageni, palikuwa na kichwa cha nyati. Watoto wanapigana picha chini yake. Nikashika fimbo yangu nikaenda mpaka chini ya kidevu chake, nikatazama.

"Bibi, unatafuta nini huko?" mjukuu akanivuta kanga.

"Mshono."

Akacheka, na wenzake wakacheka. Hakikuwa kichwa chenyewe, nami nilijua hakitakuwa chenyewe. Lakini sahani ya shughuli ile niliirudisha kama ilivyokuja. Basi kaa hapa nikusimulie, maana hao wajukuu niliwaambia nusu tu.

Mbagala ya wakati huo usiilinganishe na hii ya leo ya ghorofa na makelele. Barabara ya Kilwa ilikuwa mchanga mtupu. Lori likitoka kusini ulilisikia kabla hujaliona, linalia pale kwenye mteremko, limezama, na sie watoto tunakimbia kwenda kusukuma. Asubuhi ulisikia vinu, nyumba kwa nyumba. Msimu wa korosho kijiji kizima kilinuka moshi wa maganda, ule moshi unaochoma macho, na vidole vyetu vilikuwa vyeusi mpaka Idi. Tulikula bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu cha nazi, tukipata ng'onda, samaki wa kukaushwa, tulikula ng'onda, na mtu akichinja kuku jirani wote walijua.

Karibu na barabara, upande wa kuelekea Mtoni, palikuwa na banda la makuti lenye ua mrefu wa miti. Halikuwa na kibao. Watu walipaita Kwa Vichwa. Wazungu waliotoka kuwinda Rufiji walileta pale nyara zao, vichwa na ngozi za wanyama, na fundi akavijaza majani makavu na udongo na kuvishona mpaka ukaona mnyama kama anataka kupumua. Kisha vilipelekwa bandarini, vikaenda Ulaya kutundikwa ukutani. Watu wa kwetu walishangaa sana. Mnyama umemuua, nyama yake humtaki, unataka uso wake ukutazame unapokula? Lakini kazi ni kazi.

Fundi alikuwa Mnyamwezi mzee, mrefu, kucha zake zimepasuka kwa ile sabuni ya sumu wanayopaka ngozi zisiliwe na wadudu. Kazi alijifunza kwa Mjerumani, kabla ya vita ile ya kwanza. Nyuma ya banda alichemsha mafuvu kwenye pipa, na harufu yake ilikuwa kama supu iliyokosewa. Ndani alikuwa na chupa imejaa macho ya kioo, ya swala, ya chui, ya nyati, yote yanakutazama. Mtoto akipoteza kitu mbele ya pua yake tulimzomea, "Nenda Kwa Vichwa ukanunue macho!"

Baba yangu alikuwa mbeba bunduki. Alitembea nyuma ya mwindaji na bunduki ya pili, mnyama akianguka yeye ndiye anayechuna na kutia ngozi chumvi. Alikuwa akisema, "Ngozi haingoji," na kweli alikuwa hangoji, hata nyumbani, mambo yake yote mbio mbio. Lori likirudi lilisimama kwanza Kwa Vichwa, likashusha mizigo, baba akamwonyesha fundi ipi ya nani, ndipo akatembea kuja nyumbani. Mie ndiye niliyempokea mkoba. Nguo zake zilikuwa na ukungu mweupe wa chumvi, ukimkumbatia unalamba midomo unapata chumvi.

Siku ile ilikuwa mwanzo wa vuli, mawingu yamejaa na mvua haijashuka. Tulikuwa uani tunabangua korosho, mie, mama na bibi mzaa baba. Nikasikia lori. Nikaacha korosho nikakimbia. Nikakuta wanashusha magunia, wanashusha pembe, halafu watu wawili wakashusha kichwa cha nyati na ngozi yake ya shingo imekunjwa kama blanketi. Nikachungulia mbele kwa dereva. Nikazunguka nyuma. Nikapanda juu.

"Baba yuko wapi?"

Dereva alikuwa mtu wa mizaha, kila safari alinitania kwamba mie ni mchumba wake. Siku ile hakunitazama.

"Bibi yako yupo?"

"Yupo. Baba yuko wapi?"

"Twende kwa bibi yako, mwanangu."

Akauchukua mkoba wa baba akaubeba yeye. Tulipoingia uani, bibi alitazama mkoba, hakumtazama mtu.

"Shikamoo, mama," dereva akasema.

Bibi hakuitikia. "Mbona mkoba umekuja peke yake?"

Dereva akachuchumaa, akavua kofia. Akasema nyati alikuwa amejeruhiwa kwa risasi, akajificha kwenye matete, akawatokea kwa nyuma. Mama alishika kinywa kwa mkono wenye masizi ya korosho, na alama ya vidole vyake ikabaki usoni mpaka jioni, hakuna aliyethubutu kumfuta.

"Mwanangu yuko wapi?" bibi akauliza.

"Amezikwa huko huko, mama. Joto kali, hakuna namna ya kumleta. Alisaliwa."

"Wapi?"

"Ng'ambo ya mto, porini ndani. Mie nilibaki na lori upande huu. Waliomzika ni bwana mwindaji na mfuata nyayo, na mfuata nyayo ameshakwenda kwao kusini. Bwana ameumia mguu, amekwenda Nairobi kutibiwa. Atapita hapa kuchukua kichwa chake kikiwa tayari."

"Kichwa gani?"

Dereva akainama. "Cha huyo nyati, mama."

Matanga yakawekwa. Wewe unajua Wanyamwezi na sie Wazaramo ni watani, na mtani msibani ana ruhusa ya kufanya analotaka. Kwenye misiba mingine fundi alikuwa akiingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe chochote, watu wacheke kidogo huku wanalia. Siku ile akaja akajitupa kwenye mkeka wa bibi, akapiga kelele, "Sitoki hapa! Nyie Wazaramo wachoyo, nipikieni wali, la sivyo nalala kaburini na mtu wenu!"

Bibi akamwambia taratibu, "Mtani, hilo kaburi liko wapi ukalilalie?"

Hakuna aliyecheka. Fundi aliinuka akakung'uta nguo, akaketi kama watu wengine. Hapo ndipo mie mtoto nilipoelewa tumekosa nini. Kila mtu kijijini alikuwa na mahali pa kwenda siku ya Idi asubuhi, kung'oa majani, kumwaga maji, kusoma. Bibi alikuwa na kaburi la mumewe na makaburi ya watoto wake waliokufa wachanga, yote karibu. Huyu mmoja aliyekua akawa mtu mzima, huyu hakujua hata atazame upande gani akimwombea.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipaki, hazungumzi na mwanamume asiye ndugu yake ila nyuma ya pazia. Na unga ukaisha. Mama alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile za vitundu vidogo, na sindano yake ilijulikana mpaka Kariakoo, lakini kofia moja huchukua miezi. Fundi macho yake yalikuwa yanaingia giza. Sehemu za jicho na mdomo wa mnyama zinataka mshono usioonekana, naye alikuwa anashona kwa kupapasa. Akaja barazani akazungumza na bibi: amletee mama ngozi ashone humo humo ndani.

"Ngozi za mizoga kwenye nyumba ya eda?" bibi akamaka. "Na nguruwe utaniletea?"

"Ngiri sikuletei, Mzaramo wee. Nakuletea swala, mzuri kukupita."

"Toka hapa!"

Lakini kesho yake alileta swala, amemfunga kwenye gunia nyuma ya baiskeli, na bibi hakumfukuza. Mama alishona uani, mie namshikia ncha na kunyunyizia maji ngozi isikauke. Akimaliza anaosha mikono kwa mchanga na maji, anatia udhu, anaswali. Hivyo ndivyo tulivyokula vuli yote.

Nyati hakuletwa. Alikuwa kwenye pipa la chumvi na shabu, dawa ya kufanya ngozi isioze, kule bandani, na kila mtu alijua, na hakuna aliyemtaja. Mpaka siku moja fundi akaja mikono mitupu, akakaa barazani anakwangua kucha zake zilizopasuka. Mama akamsemesha mwenyewe kutoka nyuma ya pazia.

"Shemeji, leo hukuleta kazi."

"Iliyobaki si ya kukuletea wewe."

"Ni yule?"

"Ni yule. Nimeshakata shauri. Nitampelekea bwana habari kwamba ngozi imenyonyoka manyoya kwa unyevu wa mvua. Pembe tu ndizo nitakazomtumia kwa meli, wala hana haja ya kuja. Tumalize maneno."

"Usifanye hivyo."

"Shemeji, sikiliza..."

"Wewe ndiye usikilize. Ukimtumia pembe kwa meli, nani atatuonyesha kaburi? Kichwa kikiwa kizuri, atakuja kukitazama mwenyewe. Huwa wanakujaga wenyewe, si kweli?"

"Wanakuja," fundi akasema. "Hawana subira. Kama watoto."

"Basi kilete. Nitakishona kiwe kizuri."

Bibi aliyekuwa anapepeta mchele akaweka ungo chini. "Mwanangu, una wazimu? Huyo ndiye aliyemuua mumeo!"

"Mama, unataka kaburi au hutaki?"

Bibi akaokota ungo wake akaendelea kupepeta.

Ngozi ikaja, nzito, imefungwa kwenye magunia mabichi. Pembe na fuvu vilibaki bandani. Siku ya kwanza mama hakushona. Aliikunjua kwenye mkeka mkuukuu, akakaa nayo. Uso bila fuvu ulikuwa umelala bapa, matundu ya macho yanaonyesha ukindu wa mkeka. Mama akapitisha kiganja juu ya pua yake.

"Kumbe ndio wewe," akamwambia. "Mbona mdogo?"

Kesho yake akashika sindano. Nimeona washonaji wengi maishani, nimeajiri wengine na kuwafukuza wengine, sijaona mtu aliyeshona namna ile. Ngozi ya nyati shingoni ni nene, sindano unaisukuma kwa kipande cha kibuyu la sivyo inaingia mkononi, lakini karibu na jicho ni laini kama sikio la mtoto. Kope moja ilikuwa imechanika, akaiunga mpaka mie niliyeiona ikiwa imechanika nikashindwa kuonyesha palipochanika. Tundu la risasi nyuma ya sikio akaliziba. La begani akaliziba. Hakulia. Alivuta uzi wa nta akaung'ata kwa meno kama anashona kofia ya bwana harusi.

Alipofika chini ya taya, upande wa kushoto, akasimama.

"Mwite bibi yako."

Palikuwa na mpasuko mwembamba, umenyooka. Risasi haipasui hivyo, na mchunaji hana haja ya kupasua hapo. Bibi alitazama, akaingia ndani, akarudi na kisu cha baba kutoka kwenye mkoba. Akachomeka ncha kwenye ule mpasuko. Kisu kikaingia, kikajaa pande zote mbili.

"Hakukimbia," bibi akasema.

Wakakaa hivyo, mmoja huku mmoja huku, ngozi katikati. Mie nikaendelea kunyunyiza maji maana niliambiwa isikauke.

Fundi alipokuja kuichukua aliipapasa yote, akasifu, kidole kikafika chini ya taya.

"Shemeji, umesahau hapa."

"Sikusahau."

"Bwana ataona tundu."

"Na alione."

Fundi akacheka cheko moja fupi, akafuta macho kwa kiwiko. "Nyie Wazaramo ni watu wabaya sana," akasema, akafunga gunia. Kule bandani alikaza kingo tu za ule mpasuko ngozi isiendelee kuchanika, akauacha wazi.

Mwindaji alikuja asubuhi moja ya jua kali, eda ya mama bado haijaisha. Fundi alimtuma mtoto atuite. Bibi alijitanda kaniki yake, akanishika mkono mie kwa sababu nilikuwa nimeonja shule kidogo. Mama akaniambia kutoka nyuma ya pazia, "Usibabaike. Uliza mto gani, mti gani, jua linachomoza upande gani. Ukisahau hata kimoja, umemwacha baba yako huko."

Nilidhani nitaona jitu. Alikuwa kijana, mwembamba, anachechemea. Kichwa kilikuwa juu ya meza katikati ya banda, kimepakwa mafuta puani, macho ya kioo yanang'aa. Akakizunguka. "Mzuri sana! Mzuri sana, fundi!" Akakipapasa shingo kama mtu anayenunua farasi, mpaka kidole chake kikaingia kwenye mpasuko.

"Hii nini?"

"Kisu, bwana."

"Kwa nini hapana shona?"

Fundi akatuelekeza kwa kidevu. "Huyu ni mama yake. Aliyeshona ni mkewe, yuko eda. Amesema hapo asishone."

Yule kijana akavua kofia. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha wapagazi, hakikuwa na maneno ya mambo kama haya. "Mama, pole. Mimi pole sana. Nyati nakuja kwa mimi. Yeye naingia katikati."

"Sikuuliza hilo," bibi akasema. "Kaburi liko wapi?"

Akatazama huku na huku, akaokota kijiti, akachora kwenye vumbi la sakafu. Huu mto mkubwa. Hapa kijito kikavu, hapa kingine kikavu, vinakutana. Hapa kilima kidogo, jua linatoka nyuma yake. Hapa mkoche, ule mti kama mnazi wa porini, una vichwa viwili.

"Bwana," bibi akasema, "mikoche yote ina vichwa viwili."

"Hii kubwa. Kubwa sana. Na mimi weka mawe. Mingi. Meupe."

"Umeona?" bibi akaniuliza.

"Nimeona."

"Tazama tena."

Nikatazama tena mpaka macho yakatoka machozi kwa kutopepesa. Yule kijana alitia mkono mfukoni, anataka kutoa kitu, bibi akageuka akaondoka. Nyuma yetu wakakipakia kichwa kwenye lori, wamekifunga blanketi lakini uso uko wazi, na lori lilipoondoka kilikuwa kinatazama tulikotoka.

Nyumbani nikamchorea mama kwenye majivu. Akaniuliza maswali, nikajibu. Kila asubuhi alinichoresha tena, kabla ya chai, kabla ya kufagia. Sikukosea hata siku moja, na mpaka leo nipe kijiti nitakuchorea.

Fundi alisema twende sasa hivi. Yeye mwenyewe atatupeleka, bibi na mie, ardhi bado kavu, mama atabaki. Bibi akakataa. Mwenye kaburi ni mke, akasema, yeye ndiye wa kwanza kumwaga maji, na mke haendi popote mpaka eda iishe.

"Bi mkubwa, masika haikai eda."

"Usinifundishe mila yangu, mtani."

Simlaumu bibi. Aliyafanya mambo kama yalivyofanywa kwa watu wote waliomtangulia, na kwa watu wote wale ilifaa, kwa sababu makaburi yao yalikuwa nyuma ya nyumba. Eda iliisha, mama akaoga, akavaa nguo mpya, na wiki hiyo hiyo masika ikashuka. Mto Rufiji ukafurika mpaka malori yakaacha kuja. Tukangoja maji. Kisha tukangoja mavuno ya mpunga, maana huwezi kusafiri bila chakula. Tulipoondoka ilikuwa kiangazi katikati, bibi, mama, mie na fundi, mama amebeba maji ya kisimani kwetu kwenye kibuyu.

Tukapanda lori, tukavuka kwa mtumbwi, tukatembea. Asubuhi moja tukafika mahali ambapo njia imekatwa kwa mti uliolazwa, na askari wawili wa pori wamekaa chini ya turubai.

"Kibali," mmoja akasema.

"Kibali cha nini?" bibi akauliza.

"Huku sasa ni kwa wanyama, mama. Watu wameshaondolewa. Haingii mtu bila kibali cha kuwinda."

"Hatuwindi. Tunazuru kaburi la mwanangu."

Yule askari alikuwa mtu mzima, si mtu mbaya. Akatazama kibuyu cha mama, akamtazama mwenzake. "Mama, kibali cha namna hiyo hakipo. Kuna cha nyati, kuna cha tembo. Cha kaburi sijakiona."

"Basi tupe cha nyati," mama akasema.

Askari akamtazama mama usoni. Nadhani hakujua kama anataniwa. Mie najua mama hakuwa anatania, angelikipata angelikwenda nacho. Fundi alijaribu kusema, akaambiwa wataingia matatani wao na yeye. Kutoka pale tuliona bonde. Mto ulikuwa umehama na masika, umejilaza mahali pengine, na mahali ulipokuwa zamani palibaki mchanga. Mikoche ilikuwa mingi kuliko nywele. Mama akasimama akahesabu kwa kidole, akaacha. Akamwaga maji ya kibuyu pale pale kwenye ule mti uliolazwa, akasema, "Yatafika yenyewe." Tukarudi.

Bibi hakuishi sana baada ya hapo. Fundi alikufa mie nikiwa mwali, na alipozikwa bibi hakuwepo wa kumtania, nikalala mie kaburini mpaka wakanipa wali. Banda lilikaa likaoza, watoto wakaiba macho yote wakachezea gololi. Leo pale pana duka la saruji na mabati. Nimesimama hapo nikamwuliza mwenye duka kama anajua palikuwa na nini. Akaniambia palikuwa pori.

Mama alinifundisha sindano ile ile ya ngozi, yenye ncha ya pembe tatu, na sikuiacha. Nilianza na viti vya malori, nikaingia kwenye mabasi. Mabasi ya kusini yalipita mikononi mwangu miaka na miaka, na mtu aliyekalia mshono wangu hakuwahi kuamka na uzi nguoni. Nilipopata gari langu mwenyewe, jambo la kwanza nilikwenda kule porini, nikalipa kiingilio kama mgeni. Mama alikuwa ameshafariki. Kijana wa kutembeza wageni akaniuliza, "Bibi, tuanze na simba au tembo?"

"Nipeleke kwenye mkoche mkubwa."

"Mikoche ipo mingi, bibi."

"Najua, baba. Twende tu."

Tulizunguka mpaka mafuta yakawa yanaisha. Vijito vikavu vinavyokutana niliviona mahali pengi, na mawe meupe sikuyaona. Mahali pamoja palikuwa na kundi la nyati wamesimama kwenye matete, wakainua vichwa. Kijana akanong'ona nisishuke. Nikashuka. Nikasoma dua yangu kwa sauti nikiwa nimewatazama, hawakufanya kitu. Nikapanda gari.

Wengi walioyajua haya wamekwisha. Harufu ya lile pipa, chumvi kwenye shati la mtu aliyetoka safari, watani wanaolala makaburini, hayo siku hizi ukisimulia wanadhani unatunga. Sitaki unihurumie. Nimesema hayo mwanzo. Nimefanya kazi, nimepata.

Nina nyumba mbili Mbagala, moja nakaa, moja nimepangisha. Nina karakana ya viti vya magari yenye cherehani sita, inaendeshwa na mwanangu. Nina gari, ingawa siendeshi tena. Nina shamba Chanika, la minazi na michungwa, na humo nina makaburi mawili, la bibi na la mama, yamejengewa na kupakwa chokaa. La baba sina.